Siku Baba Alipotuma Mshenga

Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekasirika, na kwamba mkunga aliponipiga kofi ili nilie, nusura nimrudishie. Kwa hiyo msitegemee niisimulie habari hii kwa upole. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, nimepata nafasi ya kwenda kusoma India, na kilichonikwamisha hakikuwa nauli wala akili. Kilichonikwamisha ni kwamba nilikuwa na baba.

Nafasi yenyewe niliipata kwa sista mmoja Mhindi aliyekuwa akisimamia dawa katika hospitali ya misheni. Mama alikuwa na pumu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfuatia dawa. Kila nikifika dirishani kwa sista nilimuuliza: hiki kidonge kinajuaje kwenda kifuani na si miguuni? Kwa nini hiki kinywewe baada ya kula? Siku moja akashika kichwa akasema nitammaliza kwa maswali, bora nikawaulize wa kwao India. Nikadhani ni mzaha. Kumbe aliandika kwa wenzake, nikapewa nafasi katika shule moja ya bweni, miaka miwili ya sekondari ya juu, na nikifaulu niendelee na ufamasia. Wapo waliosema pale kijijini kwamba nitabatizwa. Mama akawajibu kwamba mwanawe hajawahi kumsikiliza mtu yeyote, ataanzaje kumsikiliza padri.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kwetu Makote, juu huku Newala, tulizoea korosho kuuzwa kwa chama cha ushirika tu, na ghafla wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja na mizani yake na uongo wake. Masasi mjini palifunguliwa maduka ya mitumba, ya redio, ya kupiga picha za rangi ukiwa umesimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, sisi tulioteka maji bondeni na kuyapandisha mlima kichwani. Kila mtu alikuwa anafungua kitu. Kila kitu kilikuwa ruksa isipokuwa mimi kuondoka.

Sasa lazima nieleze kwetu mtoto ni wa nani, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu mtoto ni wa mama yake na wa ndugu za mama yake. Mwenye neno juu yako ni mjomba. Mjomba ndiye anayeamua uchezwe unyago lini, usome mpaka wapi, uolewe na nani, na ukiharibu huko ulikoolewa, ndiye anayeitwa. Baba anakupenda, anakulisha, anakubeba mgongoni ukiugua, lakini anakuja kuishi kwa wakwe zake na neno lake linabaki kwao. Baba yangu alitoka Lupaso, upande wa Masasi. Alikuwa Mmakua aliyepanda huku juu kuoa, akajenga nyuma ya nyumba ya bibi yangu, akalima shamba alilogawiwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Miaka yote niliyomfahamu, pale Makote hakuitwa baba wa fulani. Aliitwa Mmakua, naye aliitika.

Nilipokosa hakunipiga. Alisema, “Nitamwambia mjomba wako.” Nilipofaulu alitabasamu akasema, “Kamwambie mjomba wako.” Mimi na hasira zangu nilikuwa nikitamani walau siku moja anitandike mwenyewe.

Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Msimu ule wa kiangazi alikuwa akiamka mapema kupuliza salfa kwenye mikorosho, anarudi nguo zote zimekuwa njano, ananuka kiberiti, na anataka chai kabla hata hujamwamkia. Alipoambiwa kuhusu India alimaliza kwanza chai yake, kisha akasema, “Nenda. Lakini ukiniletea mkwe Mhindi, awe anajua kupalilia.” Basi, mambo yakawa yamekwisha. Ndivyo nilivyodhani.

Pasipoti nilishaipata. Kilichobaki ni kibali cha kusoma kutoka ubalozini, na kwa kuwa sikuwa nimetimiza miaka kumi na minane, kilihitaji kiapo cha mzazi mbele ya hakimu kwamba ameniruhusu. Mjomba akavaa koti lake la Idi, tukaenda mahakamani Newala, akaapa kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni kwamba yeye ndiye mwenye mtoto na ameridhia. Karani wa pale alikuwa Mmakonde mwenzetu. Hakuona kasoro yoyote. Mimi sikuona. Mama hakuona. Baba alikuwepo, ameegemea ukuta wa nje kwenye kivuli, ameshika kapu la maembe makavu ya njiani, naye kama aliona kasoro hakusema. Nani angeona? Hapo Newala ungemtafuta mtu wa kushangaa ungekosa.

Tukaondoka mimi na mjomba kwenda Dar es Salaam, tukavuka Rufiji kwa pantoni, tukafika tumepakwa vumbi mpaka kwenye kope. Ubalozini, dirishani, alikuwepo mama mmoja Mtanzania, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

“Shikamoo mama,” nikamwamkia.

“Marahaba mwanangu. Lete tuone.” Akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. “Cheti chako cha kuzaliwa kina jina la baba yako. Kiapo kina jina la mtu mwingine. Huyu ni nani?”

“Ni mimi,” mjomba akajibu, akajisogeza mbele. “Mjomba wake.”

“Pole sana. Kumbe baba yake amefariki?”

“Afariki wapi! Yupo nyumbani, anang'oa mihogo.”

“Wametengana na mama?”

“Hawajatengana. Wanapendana mpaka wanatia aibu.”

Yule mama akamtazama mjomba, akanitazama mimi. “Sasa mbona hakuapa yeye?”

Mjomba akacheka, akidhani anataniwa. “Aape yeye kama nani?”

Nikajaribu kueleza. Nikasema kwetu baba hahusiki. Wallahi ndivyo nilivyosema, hahusiki, na nilipoona uso wa yule mama nikajua nimeharibu. Akasema kwao Kilimanjaro mjomba akithubutu kusaini mahali pa baba, baba atakuja na panga. Akasema hana ubaya nasi, sheria ndivyo ilivyo: baba yuko hai, baba anajulikana, basi baba aape. Niende nirudi na kiapo cha baba kabla mwezi haujaisha, maana baada ya hapo shule itakuwa imefunguliwa na nafasi atapewa mwingine. Akairudisha bahasha yangu taratibu, na hata akaniambia njia njema.

Hakuwa na kosa, yule mama. Nimemlaumu miaka mingi na leo namtoa hatiani.

Tukapanda basi la kurudi. Basi liliposimama Nanganga ili watu wale, mjomba aliniletea muhindi wa kuchoma, yeye hakula. Akasimama ananitazama ninavyotafuna.

“Nimekulea,” akasema. “Nimekutoa unyago, ngoma ikalia siku mbili. Halafu yule mama ananiuliza mimi ni nani.”

“Mjomba, ni karatasi tu.”

“Karatasi tu! Sikiliza. Mimi sikatazi, ruhusa yangu iko palepale. Lakini kwenda kumwangukia Mmakua miguuni aje awe mzazi wa mtoto wangu, hilo sitalifanya. Akitaka aseme mwenyewe.”

Nikaona afadhali. Kumbe kazi ni rahisi, baba aseme mwenyewe. Nilifika Makote sijavua viatu, nikamkuta baba nyuma ya nyumba anamenya mihogo pamoja na mama, nikamwaga habari yote kwa pumzi moja. Kesho twende mahakamani, baba, uape, keshokutwa nirudi Dar.

Baba akaendelea kumenya. “Mjomba wako amesemaje?”

“Amesema useme mwenyewe.”

“Amenituma niseme?”

“Hajakutuma. Amesema ukitaka.”

“Basi siwezi.” Akachukua muhogo mwingine. “Nimekaa kwa watu hawa tangu ndevu zangu hazijaota vizuri. Hawajanivunjia heshima hata siku moja. Leo niende mbele ya serikali niape kwamba mtoto ni wangu, wakati shemeji yangu ameshaapa ni wake? Nitakuwa nimemvua nguo. Aniombe, nitakwenda hata kwa miguu.”

“Hatakuomba! Amesema hatakuomba!”

“Basi.”

Mmoja haombi, mwingine haendi asipoombwa, na mwezi unakwenda zake. Damu ikanipanda. Nilisema neno ambalo mtoto wa kwetu hasemi. Nilisema, “Kama wewe si baba yangu sema, nikamtafute huyo mwingine!”

Mama alinirushia mwiko, ukanipata bega. “Mwanaharamu we! Unamwambia nani hivyo?” Baba hakuinuka hata. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda zake shambani, na jioni aliporudi akamwambia mama kesho anashuka Lupaso, kuna shauri la mtoto wa dada yake. Mimi hakunisemesha. Nililala na bega linauma, na bado nilikuwa na hasira naye kuliko aibu.

Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa tayari kulala chali kabisa. Asubuhi, baba alipokwisha kuondoka, nilimwambia mama kwamba namfuata. Alinitazama, akanipa kanga yake nzuri nijifunike vumbi, akasema, “Ukifika, anza na shikamoo. Usianze na mdomo.” Nikapanda pikapu ya mnunuzi wa korosho, nimekaa juu ya magunia matupu, tukateremka mlima mpaka Masasi, na kutoka Masasi nikapata baiskeli ya kukodi mpaka Lupaso.

Nilimsikia baba kabla sijamwona. Nilidhani si yeye. Uani kwa shangazi, dada yake mkubwa, watu walikuwa wameketi kwenye majamvi, na katikati amesimama mwanamume anafoka kwa Kimakua, kidole juu, na kijana mkubwa mwenye ndevu ameinamisha kichwa mbele yake. Kijana yule alikuwa ametorosha binti wa watu. Mwanamume yule alikuwa anaamua: binti atarudishwa kwao, watakwenda kuomba radhi, na mahari itapelekwa kwa heshima. Wazee wazima wanaitikia kwa vichwa. Ndugu zangu, mwanamume yule alikuwa baba yangu. Yule yule anayemenya mihogo kimya. Kumbe Lupaso yeye ndiye mjomba.

Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi hata chembe, niliona wivu uliotaka kunipasua. Yule kijana mjinga mwenye ndevu alikuwa akifokewa na baba yangu, kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kupewa hata kipande.

Shikamoo nilisahau. Nikavua viatu nikaingia mpaka katikati ya jamvi, nikapiga magoti. “Na mimi nina shauri,” nikasema kwa Kiswahili, maana Kimakua changu ni cha kubabaisha. “Mnasikiliza mashauri ya wapwa, nisikilizeni na mimi niliyezaliwa na huyu. Huyu mtu anajua kusema. Nimemsikia. Mimi nataka aniseme na mimi.”

 Baba alikuwa amenyanyua kidole na kidole kikabaki hewani.

Shangazi akaanza kucheka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpika pombe zamani, ambaye siku hizi alidai amekwenda kuhiji ingawa hakuna aliyemwona akiondoka, na alicheka mpaka akajipangusa macho kwa kanga. “Kaka, huyu umezaa mwenyewe au umeokota kwa polisi?” Akanikalisha pembeni yake, akanipa maji, akataka nieleze yote tangu mwanzo. Nikaeleza. India, sista, kiapo, dirisha, Nanganga, mihogo. Hata neno nililomwambia baba nikalisema, maana uongo mbele ya shangazi ni kazi bure.

“Mnashindana kwa kitu ambacho hakina ugomvi,” shangazi akasema. “Wewe kaka, mtoto ni wa shemeji yako. Kitu cha mtu ukikitaka unafanyaje?”

“Ninaomba,” baba akajibu.

“Na binti wa watu ukimtaka, unaombaje?”

Baba akamgeukia. “Dada, unataka nikampose mwanangu?”

“Nataka utume mshenga. Hujui kutuma mshenga? Mama yake uliokota njiani?” Akamgeukia mumewe, mzee mpole aliyekuwa kimya pale pembeni, naye pia mgeni kwa wakwe zake, tena kutoka mbali zaidi. “Huyu ndiye mshenga. Miaka arobaini anaishi kwetu kwa kuomba omba. Hakuna anayejua lugha ya ukweni kumshinda yeye.”

Watu wakaangua kicheko, na baba akakasirika. Akasema ni mzaha, akasema yeye ni mtu mzima, ataombaje kitu alichokizaa. Nikamwona anaanza kurudi kwenye ule ukimya wake wa Makote, na nikaogopa kweli.

“Baba,” nikamwambia. “Nilikutukana jana. Nisamehe. Lakini mimi nakwenda kusoma. Kama utaomba, nitakwenda kwa jina lako. Kama hutaomba, nitakaa hapa uani kwa dada yako, kila shauri ukija kuamua utanikuta.”

“Atakaa,” shangazi akasema. “Huyu atakaa.”

Siku mbili baadaye, baba ameshasalimu amri, msafara ukapanda Makote: mshenga, shangazi, jamaa wengine wa Lupaso na jogoo mweupe chini ya kwapa. Baba hakuja uani, maana mposaji hakai kwenye posa yake, alijificha kwenye nyumba yake mwenyewe, hatua chache tu kutoka pale, akichungulia dirishani. Mimi nilifungiwa kwa bibi. Mjomba alikuwa ametoka kwenye mikorosho. Alipopewa habari kwamba kuna wageni wa posa wanatoka Lupaso alikwenda kuoga, akavaa lile koti la Idi, na nadhani hapo ndipo moyo wake ulipoanza kulainika, ingawa hakukubali kabisa kwamba unalainika.

Nilisikia kila neno kupitia ukuta wa miti.

“Tumeona ua limechanua kwenu,” mshenga akaanza. “Tuna kijana wetu, anaomba kuwa baba.”

“Ana umri gani kijana wenu?”

“Ana mvi kidogo.”

“Kidogo?”

“Nyingi.”

“Ana kazi?”

“Analima. Shamba mlimpa nyinyi.”

“Ana adabu?”

Mshenga alipojibu hilo hakuwa anatania tena. “Shemeji, miaka yote aliyokaa hapa, je, umewahi kumsikia akisema mwanangu? Hiyo ndiyo adabu yake. Ameishika mpaka imemuumiza. Leo anaomba ruhusa aseme mara moja tu, mbele ya hakimu, halafu anarudi mahali pake.”

 Nikasikia mjomba anakohoa, kisha anaomba maji, kisha anakohoa tena. Nikasema moyoni, haya, sema ndiyo, ng'ombe we.

“Tumesikia,” mjomba akasema. “Posa haijibiwi siku hiyohiyo. Tutakaa na wenzetu. Mrudi Ijumaa.”

Ijumaa! Nilitoka kwa bibi kama niliyeumwa na siafu. Nikasema Ijumaa mwezi utakuwa umebakiza nini, nikasema wote wananiua kwa mila zao, nikasema mengi. Mjomba akanitazama kwa utulivu mkubwa, na niliona macho yake yanacheka.

“Binti anayeposwa hasemi,” akanambia. “Rudi ndani.”

Nikarudi. Siku zile mpaka Ijumaa ndizo ngumu kuliko mitihani yote niliyofanya India na baada ya India. Sikuruhusiwa kusema na baba, wala yeye na mimi, maana posa haijajibiwa. Tulipishana uani, mimi na ndoo, yeye na jembe, na kila tulipopishana aliniangalia haraka haraka halafu akaangalia pembeni. Ningeapa alikuwa na haya.

Ijumaa baada ya swala wakarudi. Mjomba alikuwa na jogoo wake, mwekundu, wa kumrudishia mshenga. “Tumekaa na wenzetu,” akasema, na sauti yake ikawa ndogo, si ya kusikika sokoni. “Mtoto tumewapa. Mwambieni kijana wenu amtunze.” Mama akapiga kigelegele, wanawake wakapokea, na mlango wa baba ukafunguka, akatoka amevaa kanzu, hajui mikono aiweke wapi.

Jumatatu tukateremka wote watatu mpaka Masasi, ili nikishapata kiapo nipande basi la Dar hapohapo. Mjomba alikuja pia. Alisema anafuata salfa mjini, lakini hakufuata salfa yoyote. Alikaa kwenye benchi la mahakama, mlango ukiwa wazi, tukimwona naye anatuona.

Hakimu alikuwa kijana, mgeni wa mkoa wetu, ana kesi nyingi na mafua. Akamuuliza baba bila kuinua kichwa, “Wewe ni nani kwa binti huyu?”

Baba akageuka akatazama mlangoni, kwa mazoea tu. Mjomba akaangalia upande mwingine, kwenye barabara, kama mtu anayesubiri gari.

“Mimi ni baba yake,” baba akasema. Kisha akasema tena, ingawa hakuulizwa. “Huyu ni mwanangu.”

Nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno yale. Miaka kumi na saba! Nikatazama sakafu kwa sababu nilijua nikimtazama nitalia mbele ya serikali.

“Sawa,” hakimu akasema. “Unaapa kwamba unamruhusu aondoke nchini kwenda kuishi na kusoma India?”

Baba akanyamaza. Hakimu akapenga kamasi, akauliza tena, mara hii akiwa ameinua kichwa. Baba bado yuko kimya, na ukimya wa baba yangu niliufahamu.

“Mheshimiwa,” akasema hatimaye. “Mtoto huyu nimepewa Ijumaa. Leo Jumatatu unaniambia nimtoe?”

Hakimu hakuelewa. Alimtazama karani, karani akainamisha kichwa. Huko nje kwenye benchi mjomba alikuwa ametoa leso, anajifuta uso, na hakukuwa na joto.

“Mzee, unamruhusu au humruhusu?”

“Ninamruhusu,” baba akasema.

Akapewa kalamu. Hakuwa mtu wa kuandika, aliandika jina lake herufi moja moja, anakandamiza, ananyanyua, anaangalia, anaendelea. Ruhusa ile nilikuwa nimeipigania kwa magoti na kwa matusi, kwa pikapu na baiskeli, na sasa nimesimama pembeni yake nikiomba Mungu wino uishe. Haukuisha. Hakimu akagonga muhuri, na kesho yake alfajiri nikapanda basi.